Vinywa Vinavyofunguka: Kumbukumbu za Mwalimu wa Kiingereza, Murera

Katika miaka mingi ambayo Mola alinijaalia kufundisha Kiingereza katika shule za upili za kutwa baina ya Ruiru na Thika, na hasa katika viunga vya Murera, nimeviona vyombo vingi vikiingia darasani na vingi vikitoka: redio ya kanda, runinga, kompyuta, projekta, kishikwambi na simu ya mkononi; na hapana hata kimoja kilichoingia bila ya kutanguliwa na ahadi kubwa, wala kilichotoka bila ya kuacha funzo kwa mwalimu aliyekuwa tayari kulipokea. Sasa nimestaafu, na kwa kuwa vyombo vingine vipya vinabisha hodi katika milango ya shule zetu, nimeona ni wajibu wangu kuyaandika yale ambayo tajiriba imenithibitishia. Nayo, kwa ufupi, ni kwamba chombo cha kufundishia lugha hakipimwi kwa bei yake, wala kwa uangavu wa kioo chake, bali kwa wingi wa vinywa vinavyofunguka kwa sababu yake.

Asiyeijua Murera hana budi kuelezwa kwanza mahali penyewe. Ni wadi ya eneo-bunge la Juja katika Kaunti ya Kiambu, katika nchi iliyokuwa zamani ya mashamba makubwa ya mkonge na kahawa, ambayo leo mengi yake yamekatwakatwa yakawa viwanja vya nyumba za kupangisha, hasa tangu barabara kuu ya Thika ilipokamilika mwaka 2012 ikausogeza mji wa Nairobi hadi mlangoni petu. Ruiru, jirani yetu, ilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya 490,000 katika sensa ya mwaka 2019. Wanafunzi wangu walikuwa watoto wa wachumaji kahawa, wa wachonga mawe katika machimbo ya Juja, wa makondakta na wa mama mboga. Nyumbani walisema Kikuyu, au Kikamba, au Kiluhya, na njiani walisema Kiswahili na Sheng ya stendi ya matatu. Kiingereza walikutana nacho kwa mwalimu na katika kitabu, basi kwa wengi wao kilikuwa lugha ya kalamu: aliyeweza kuandika insha ya kurasa mbili, yenye nahau alizozikariri tangu shule ya msingi, aliulizwa njia na mgeni aliyepotea pale Gwa Kairu akatazama viatu vyake.

Chombo cha kwanza nilichokirithi kwa walionitangulia kilikuwa redio ya kanda, pamoja na ratiba ya vipindi vya shule vilivyotayarishwa na Taasisi ya Elimu ya Kenya, ambayo tangu mwaka 2013 inajulikana kwa jina la Taasisi ya Ukuzaji Mitaala. Redio ilisema, wanafunzi walisikiliza, kengele ililia, wakaondoka. Hawakusikiliza vibaya, walikaa kwa adabu na nidhamu kama ilivyowapasa, lakini nilipowauliza walichokisikia nilipata maneno machache tu, tena yaliyotamkwa kwa hofu. Ndipo mwalimu mmoja mkongwe, aliyekuwa amepata kufundisha katika shule ya msingi miaka ya mwanzo ya 1980, aliponisimulia habari za mradi wa kufundisha Kiingereza kwa redio uliofanywa nchini wakati huo kwa ushirikiano wa Taasisi hiyo na Wamarekani, kwa ajili ya madarasa matatu ya chini.

Katika mradi huo, alisema, mtangazaji hakuhutubu. Aliuliza swali, kisha akanyamaza kwa muda uliopimwa barabara, nao watoto wakajibu kwa sauti moja hata kuta zikatetema. Kisha redio ikatoa jibu lililo sahihi na kuendelea mbele, na katika kipindi kimoja cha nusu saa kila mtoto alifungua kinywa chake mara nyingi mno. Tathmini zilizofanywa zilidhihirisha kwamba watoto wale waliwapita wenzao katika kusikiliza na kusoma. Fedha za mradi zilipokwisha, jambo lenyewe halikudumu, nami hadi leo nalihesabu kuwa hasara kubwa kwa elimu ya nchi hii, kwa sababu walioutunga mradi ule walikuwa wamekwisha kugundua, kwa chombo duni kabisa na kabla ya kompyuta kufika katika shule zetu, jambo ambalo wenye vyombo vya thamani walilisahau baadaye. Kimya cha mtangazaji ndicho kilichofundisha.

Tangu siku niliyoyasikia hayo nilianza kuizima redio katikati ya kipindi. Mtangazaji alipouliza, nilibonyeza kitufe, nikaligeukia darasa, nikangoja.

Lakini mwalimu wa shule ya upili ana kizuizi ambacho mwenzake wa shule ya msingi hanacho, nacho ni namna mtihani wa mwisho unavyotungwa. Mtihani wa Kiingereza wa KCSE una karatasi tatu: ya kwanza, yenye alama 60, ni ya uandishi wa kiuamilifu, kujaza mapengo, na stadi za kuzungumza, ya pili, yenye alama 80, ni ya ufahamu, fasihi na sarufi, na ya tatu, yenye alama 60, ni ya insha na vitabu teule. Msomaji atazame vema hizo stadi za kuzungumza katika karatasi ya kwanza. Zinatahiniwa kwa kalamu. Mtahiniwa huulizwa maneno gani yanafanana kwa sauti, na mkazo uanguke wapi katika neno, na aketi vipi katika mahojiano ya kazi, naye huyaandika majibu kwa utulivu katika chumba ambamo hairuhusiwi kusema. Na kijana anaweza kabisa kupata alama zote za matamshi ilhali hajatamka neno moja mbele ya mtu yeyote mwaka mzima. Mwalimu aliyebanwa na silabasi, mwenye darasa la watu hamsini na zaidi, atayafundisha matamshi kwa chaki, na hapana awezaye kumlaumu.

Fauka ya hayo, kuna jambo la lugha za nyumbani. Aliyelelewa kwa Kikuyu hakuikuta katika lugha ya mamaye haja ya kuzitenga sauti za l na r, na ulimi wake hupenda kutanguliza m mbele ya b, na n mbele ya d. Basi akisema Kiingereza, wenzake wa mjini humcheka na kusema amekishrabu, yaani amekitia sauti za lugha ya mamaye. Kicheko hicho, ambacho wachekeshaji wetu wa runinga wamekifanya bidhaa, kimefunga vinywa vingi kuliko ugumu wowote wa sarufi. Sioni aibu yoyote katika lafudhi ya mtu. Kila taifa linalosema Kiingereza lina lafudhi yake, na Waingereza wenyewe wana nyingi. Aibu ni kumfanya mtoto aione sauti yake kuwa kosa kabla hajaitumia.

Katika mwongo ulioanza mwaka 2010 ndipo kompyuta zilipoanza kufika katika shule zetu kwa namna ya kuonekana. Serikali ilizigawia baadhi ya shule za upili katika kila eneo-bunge kompyuta na projekta katika mpango wake wa kuchochea uchumi, na shule nyingine zilizipata kwa michango ya wazazi au kwa hisani ya wafadhili. Kisha ikaja ahadi ya mwaka 2013 ya vipakatalishi vya wanafunzi, ambayo utekelezaji wake ulipoanza mwaka 2016 uligeuka kuwa vishikwambi vya darasa la kwanza la shule za msingi, na kazi ikagawanywa baina ya Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, kila kimoja na washirika wake wa nje. Chuo hicho cha pili kiko hapo Juja, mwendo mfupi kwa matatu kutoka Murera. Kwa hiyo vyombo vya kufundishia vya nusu ya taifa vilipita jirani yetu, navyo havikukusudiwa watoto wetu wa kidato cha kwanza hadi cha nne.

Projekta tulikuwa nayo, hata hivyo, na naitaja kwa heshima, kwa kuwa kuna siku ilinifaa sana, hasa pale nilipotaka darasa zima litazame aya moja na kuisahihisha kwa pamoja, sentensi kwa sentensi, kila mtu akitoa hoja yake. Lakini desturi iliyozuka katika shule nyingi ilikuwa nyingine kabisa. Mwalimu aliyaandika maelezo yale yale ya zamani, akayatupa ukutani kwa mwanga, akazima taa, na wanafunzi wakayanakili gizani. Ubao wa chaki ulikuwa na fadhila moja, kwamba mwalimu alipoandika alichoka, na alipochoka aliuliza maswali. Projekta haichoki kamwe. Nimewahi kukaa nyuma ya darasa la namna hiyo kipindi kizima nisisikie sauti ya mwanafunzi hata mmoja, na baadaye mkaguzi akaandika kwamba shule inatumia teknolojia.

Nililolitafuta nililipata katika simu yangu mwenyewe. Haikuwa simu ya fahari. Ilikuwa na kinasa sauti na nafasi ndogo ya kuhifadhia, na niliongeza spika ya mkononi niliyoinunua mjini Thika pamoja na vipokea sauti vya masikioni. Wanafunzi hawakuruhusiwa kuja na simu shuleni, na kanuni hiyo niliiheshimu. Simu ilikuwa yangu, na mwalimu mkuu alijua ninaitumia kwa kazi gani. Katika saa ya alasiri, baada ya vipindi, vikundi viliketi chini ya miti ya mikima iliyopandwa kando ya uwanja, na kila mmoja kwa zamu yake akasoma aya, au akasimulia kwa Kiingereza safari yake ya asubuhi kutoka nyumbani, muda wa dakika moja au mbili. Kisha alijitenga, akavaa vile vipokea sauti, akajisikiliza peke yake. Akitaka, alirudia.

Hapana kilichonishangaza katika kazi yangu yote kuliko nyuso zao walipojisikia kwa mara ya kwanza. Walio wengi hawakuamini kwamba ni wao. Mmoja, binti wa mchonga mawe, ambaye darasani alijibu kwa sauti ya chini hata jirani yake hakumsikia, alisikiliza hadi mwisho, akanyamaza kitambo, kisha akaomba kurudia bila ya mimi kumwambia kosa lolote. Na katika marudio yale nikasikia amekwisha kuyarekebisha mwenyewe maneno mawili ambayo ningalimsahihisha mbele ya wenzake na kumfedhehesha. Alirudia tena. Hakuomba maoni yangu hata aliporidhika. Nikaelewa kuwa sikio la mwanafunzi ni mwalimu mwenye subira kuliko mimi, na kwamba kazi yangu ilikuwa kulipatia nafasi ya kufanya kazi, kama vile mtu apewavyo kioo akajifunga kilemba vema bila ya kuelekezwa.

Sauti ya mwanzo wa muhula niliihifadhi, na ya mwisho wa muhula niliiweka kando yake, na mwanafunzi akazisikiliza zote mbili mfululizo. Alama za mtihani humwambia mtoto amekuwa wa ngapi. Sauti zile zilimwambia ametoka wapi. Wavulana fulani waliokuwa wakipenda kuigiza makondakta walianzisha taarifa ya habari ya shule, iliyorekodiwa kila juma na kuchezwa gwarideni kwa ile spika: bei ya unga dukani, matokeo ya mpira, barabara iliyoharibiwa na mvua, na habari za machimbo, zilizosimuliwa na mtoto aliyeyajua machimbo kwa mikono yake. Kiingereza, ambacho kilikuwa lugha ya watu wa vitabuni, kikaanza kusema habari za Murera. Katika miaka ambayo tamthilia ya Bertolt Brecht, The Caucasian Chalk Circle, ilikuwa kitabu teule, tuliirekodi onyesho kwa onyesho kama mchezo wa redio, na sikuhitaji tena kuwahimiza waisome, kwa kuwa asiyeisoma sehemu yake mara nyingi aliwakwamisha wenzake.

Hapa sina budi kutaja mambo mawili ya tahadhari. La kwanza ni kwamba sauti ya mtoto ni amana. Sikuisambaza sauti ya mwanafunzi yeyote nje ya darasa bila ya idhini yake na ya mzazi wake, na mwaka ulipokwisha nilizifuta zote mbele yao. Mwalimu asiyeweza kuahidi hivyo na asirekodi. La pili linahusu filamu. Vitabu teule vilipoanza kupatikana katika picha, iwe ni tamthilia ya Ibsen, A Doll's House, ambayo ilitengenezewa filamu mbili katika mwaka mmoja wa 1973, au riwaya fupi ya Steinbeck, The Pearl, shule nyingi ziliwakusanya wanafunzi ukumbini wakatazama na kufurahi. Sipingi furaha. Lakini filamu humpa mtazamaji kisa na kumnyima maneno, na katika insha za mtihani wa majaribio nilikuta watahiniwa wakieleza vyumba na mavazi ambayo mwandishi hakuyaandika. Filamu na iwe karamu baada ya kitabu kumalizwa, na hapo ndipo mjadala wake huwa mtamu, maana kila mmoja ana neno la kumshitaki mtengenezaji wake.

Shule zilipofungwa mwezi wa Machi mwaka 2020 kwa ajili ya korona, kila mtu aligeuka mwalimu wa teknolojia. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ilipeleka vipindi katika redio ya taifa, katika runinga ya elimu na katika YouTube; na mwezi wa Julai maputo ya Loon yakarushwa juu angani kuleta intaneti katika sehemu za magharibi na za kati za nchi, yakaondolewa mwaka uliofuata kampuni yake ilipofungwa. Huku chini mambo yalikuwa mengine. Katika nyumba nyingi za Murera simu yenye intaneti ilikuwa moja, nayo iliondoka alfajiri pamoja na mama kwenda kibaruani na kurejea magharibi, na bando lililonunuliwa kwa shilingi za mboga halikuweza kubeba video ya nusu saa. Walimu waliotuma video walisubiri majibu yasiyokuja, na wengine wakadhani watoto wamekuwa wavivu.

Nilituma swali moja kila siku, kwa sauti yangu, katika kundi la WhatsApp la wazazi. Ujumbe wa dakika moja, ambao gharama yake ni kidogo mno. Majibu yalikuja usiku, baada ya chakula, nayo yalikuwa sauti: nyuma yake kitoto kichanga kinalia, mvua inapiga bati, baba anauliza kwa Kikuyu ni nini hicho, na katikati ya hayo yote kijana anajaribu kueleza kwa Kiingereza ni kwa nini mhusika fulani alitenda alivyotenda. Baadhi ya wazazi waliniambia kwamba hawakuwahi kuwasikia watoto wao wakisema lugha hiyo kabla ya usiku ule, ingawa karo walikuwa wakiilipa miaka yote. Wale wa kidato cha nne waliporejea mwezi wa Oktoba, waliokuwa wakijibu kila usiku walirudi na ndimi nyepesi kuliko walivyoondoka. Na waliokosa simu, ole wetu, walirudi kimya, na hao hapana chombo cha kidijitali kilichowafikia. Yeyote atakayesema kwamba teknolojia ilisawazisha elimu mwaka ule hakuwa Murera.

Siku hizi kumezuka jambo jingine. Tangu mwishoni mwa mwaka 2022 zimepatikana programu za akili unde zinazoandika insha kwa kufumba na kufumbua, na vijana wanaotumia simu za wazazi nyumbani wamezijua mapema kuliko walimu wao. Walimu vijana wanaonitembelea hunionyesha insha za kazi ya nyumbani zisizo na kosa hata moja na zisizo na mtu ndani yake. Wananiuliza wafanyeje. Jawabu langu ni kwamba insha na isomwe kwa sauti na mwenyewe, kisha aulizwe maswali juu yake. Aliyeiandika ataitetea, na asiyeiandika atajifunza siku hiyo thamani ya kuiandika. Programu hizo hizo, zikitumiwa kumuuliza mwanafunzi maswali na kumngoja ajibu kwa kinywa chake, huenda zikawa msaada mkubwa, kwa sababu zina subira isiyo na kifani na hazimcheki mtu.

Mtaala mpya wa umilisi, ulioanza kutekelezwa mwaka 2019 katika madarasa ya chini, umeuweka ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umilisi wake saba wa msingi, na mawasiliano pia yamo. Nalipokea hilo kwa shukrani. Lakini kuna haki ya kudai. Walimu wa hisabati na sayansi wamekuwa na mafunzo yao kazini tangu mradi wa SMASSE ulipoanzishwa mwaka 1998 kwa msaada wa Japani, na matunda yake ni dhahiri; mwalimu wa lugha hakupata kitu cha kulingana na hicho, akaachwa ajifunze vyombo kwa kubahatisha. Naiomba Wizara iwafikirie walimu hawa. Naliomba Baraza la Mitihani, kwa unyenyekevu wote, litafute njia ya kuwasikia watahiniwa wa Kiingereza, kwa maana kinasa sauti sasa kimo katika mfuko wa kila mwalimu, na mtihani wa kuzungumza ambao mtu haongei umedumu vya kutosha. Na wewe mzazi uliye Murera, au Witeithie, au popote pale, usingoje kishikwambi cha serikali: jioni hii mpe mwanao simu yako kwa dakika chache, mwambie akusimulie siku yake kwa Kiingereza huku ikirekodi, kisha mkae pamoja msikilize.